Ugali wa muhogo na miguu iliyokakamaa

Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Lundo, Liuli na Mbamba Bay, mezani hukutana ugali wa muhogo na samaki: dagaa, magege, au mbasa siku yenye bahati. Siku hizi ulaji mbaya ukitajwa, watu hufikiria soda na chipsi. Historia ya mwambao huu ina ulaji mbaya wa aina nyingine, ule wa sahani yenye ugali tu.

Muhogo ni mgeni. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaingia bara polepole. Wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya Ungoni, jirani na mwambao huu, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Waingereza waliowafuata walihimiza muhogo kama akiba ya njaa. Na kweli unafaa: huvumilia udongo mchovu, hukaa ardhini hadi utakapohitajika, na ule mchungu hata nguruwe pori huuogopa.

Uchungu huo ndio dalili ya sumu ya sayanaidi. Dawa yake ni ya kizamani, nayo haitaki haraka: unamenya, unaloweka siku tatu nne mpaka muhogo ulainike na kutoa harufu kali, unaanika juani, ndipo unatwanga na kuchekecha.

Mvua zikigoma, kila kitu huharibika kwa pamoja. Muhogo huzidi uchungu, maharage hukauka shambani, na mama mwenye watoto wenye njaa hawezi kusubiri siku nne. Ndivyo ilivyokuwa Tarime mwaka 1985, ulipozuka ugonjwa wa kukakamaa miguu. Katika ukame wa 2001 hadi 2003 ikawa zamu ya Mtwara na Mbinga, wilaya ambayo wakati huo ilifika mpaka ziwani. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, mkoani Nampula nchini Msumbiji, ugonjwa huohuo ulikuwa umewakumba zaidi ya watu 1,000 mwaka 1981.

Ugonjwa wenyewe ni konzo. Mtoto analala mzima, kesho yake miguu yote miwili imekakamaa. Akijaribu kusimama, magoti yanagongana na anakanyaga kwa ncha za vidole. Hauendelei kuzidi, lakini pia hauponi. Wanaoupata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwili una njia ya kuivunja nguvu sayanaidi, ila unahitaji salfa inayotokana na protini ya samaki, nyama au maharage. Kisamvu, pamoja na sifa zake zote, kina upungufu wa salfa hiyo. Kwa hiyo dagaa wa ziwani na maharage ambayo Wamatengo hupanda kwenye ngoro zao, yaani mashamba ya mashimo, huko milimani ni kinga, si mapambo ya sahani.

Nicholas Mlingi na wenzake wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walifundisha vijijini Mtwara njia ya mkato iliyo salama, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili juani au tano kivulini, na sumu inatoka kama hewa. Usumbufu wake ni mmoja: unga huo hauwekwi akiba, lazima usongwe ugali siku hiyohiyo.