Askari wa Zamani na Jeraha la Nafsi

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumezoea kuwafundishia wanafunzi wetu kama onyo kwa mgonjwa. Lakini historia ya askari walioumia nafsi vitani yatulazimu kuuliza swali la pili: ni nani aliyemfanya mgonjwa afiche? Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kwa miaka mingi tiba ya askari hao ilipimwa kwa kuwatazama waliofika hospitali peke yao, na kwamba ilianza kutengenea pale walipohesabiwa pia wale wasiofika.

Tuanze na Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Februari 1915, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet habari za askari watatu ambao makombora yaliwalipukia karibu. Miili yao haikuwa na jeraha kubwa, lakini kuona, kunusa, kuonja na kumbukumbu vyote vilikuwa vimepungua. Ugonjwa huo aliuita mshtuko wa makombora, na jina likaenea upesi. Hadi vita vilipokwisha, jeshi la Uingereza lilikuwa limeandikisha wagonjwa wa namna hiyo wapatao 80,000.

Wakuu wa jeshi hawakulipenda jina hilo, kwa kuwa waliona linawafungulia askari njia ya kuondoka vitani. Mwaka 1917 madaktari wa mstari wa mbele walikatazwa kuliandika, wakaamriwa waandike tu kwamba ugonjwa ni wa mishipa ya fahamu na haujatambuliwa bado. Sisi walimu wa lugha tutafahamu uzito wa amri hiyo: jina likiondolewa, na haki ya mgonjwa hupungua. Tiba nayo ilipimwa kwa hesabu moja, yaani ni askari wangapi wamerudishwa kupigana. Maofisa waliopelekwa Craiglockhart, karibu na Edinburgh, walibahatika kumpata Dakta W. H. R. Rivers, ambaye aliwaachia wayaseme waliyoyaona badala ya kuyazika moyoni. Askari wa kawaida wengi hawakuipata nafasi hiyo, na baadhi yao walitibiwa kwa umeme uliotia maumivu.

Wengine hawakutibiwa kabisa. Miongoni mwa askari waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa ya kutoroka au woga, walikuwamo ambao tayari walikuwa wamelazwa hospitali kwa mshtuko huo. Mwaka 2006 sheria ya Uingereza iliwasamehe askari 306, miaka karibu tisini baada ya kuzikwa. Katika hali kama hiyo, ni nani angekuwa na ujasiri wa kusema kwamba nafsi yake imeumia?

Kipimo cha kuhesabu waliofika hospitali kilitumika pia Afrika ya Mashariki. Dakta J. C. Carothers aliisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Aliwahesabu Waafrika walioletwa hapo, na mwaka 1947 akaandika kwamba wazimu ni mchache kwao, na kwamba ugonjwa wa huzuni nzito ni nadra sana. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Lakini mtu aliyeletwa Mathari mara nyingi alikuwa yule aliyewasumbua watu hata wenye mamlaka wakamchukua. Aliyeketi kimya nyumbani kwake, halali usiku wala hasemi na mkewe, hakuwa na sababu ya kuletwa. Na miaka hiyo hiyo ndiyo askari wa K.A.R. walipigana Uhabeshi na Burma, kisha wakarejea vijijini kwao. Hesabu za mlangoni hazikuweza kutueleza lolote juu ya usiku wao. Mtaalamu Margaret Field alipoketi na watu waliokwenda kuomba msaada kwenye mahali pa ibada za jadi huko Ghana, alikuta huzuni nzito ni jambo la kawaida kwa wanawake wa mashambani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Ugonjwa ulikuwapo, aliyekosekana ni wa kuufuata ulipo.

Mabadiliko makubwa yalitokea Marekani baada ya vita vya Vietnam, na walioyaanzisha ni askari wa zamani wenyewe. Kuanzia 1970, mjini New York, walikutana kwa vikundi kuzungumza, nao madaktari Chaim Shatan na Robert Lifton wakaketi pamoja nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa waliokilalia ndio waliotoa habari. Mwaka 1979 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwafungulia vituo vya ushauri, vikawekwa mitaani, mbali na hospitali, na wengi wa washauri wake walikuwa wamepigana vita hivyo hivyo. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa nchi hiyo waliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chao rasmi. Sisi leo twauita mfadhaiko wa baada ya kiwewe.

Mwaka 1983 Bunge liliamuru uchunguzi ufanywe kwa askari wa Vietnam kwa jumla, si kwa wagonjwa pekee. Iligunduliwa kwamba wanaume 15 katika kila 100 waliotumikia huko walikuwa wangali wagonjwa, zaidi ya miaka kumi tangu vita kwisha. Hesabu hiyo nayo ilipimwa tena. Mwaka 2006 wataalamu waliilinganisha na kumbukumbu za jeshi, ikashuka kufikia 9 katika 100. Lakini ilithibitika kwamba kadiri askari alivyokabili mapigano makali, ndivyo alivyozidi kuugua. Mwaka 2018 baraza la wataalamu wa Marekani lilitoa ripoti juu ya waliopigana Afghanistan na Irak. Wengi waliopata tiba ya serikali waliisifu. Hata hivyo, karibu nusu ya walioonekana kuihitaji hawakuipata. Baadhi hawakujua namna ya kuiomba, wengine walidhani hawana haki nayo, na wengine usafiri uliwashinda. Tiba ilikuwa njema. Mlango ndio uliokuwa mwembamba.

Kwa hiyo twaona kwamba anayehesabu waliofika hospitali hujifunza habari za hospitali, wala hajifunzi habari za askari. Na hapo ndipo walimu wa Kiswahili tunapoingia. Lugha yetu ni lugha ya askari wengi katika nchi hizi, na maswali ya kuwapima huja kwetu tuyafasiri. Ukimwuliza mzee aliyepigana kama ana wazimu, atakukana, na karatasi itaandikwa kwamba ni mzima. Ukimwuliza kama hulala usiku, kama hushtuka mlango ukigongwa, kama huyaona tena yaliyopita, huenda akajibu. Yafaa basi tuyachague maneno hayo kwa uangalifu ule ule wa daktari achaguaye dawa.