Sauti Zinazoaminiwa Angani

Aprili 15, 2015, mtaalamu wa usalama wa kompyuta Chris Roberts, akiwa abiria katika ndege ya United nchini Marekani, aliandika mzaha mtandaoni kuhusu kuchezea mifumo ya ndege na kuangusha barakoa za oksijeni. Alipotua Syracuse, maofisa wa FBI walikuwa wakimsubiri. Hati yao ya kiapo ilidai kuwa wiki chache kabla alikuwa amewaeleza jinsi alivyounganisha kompyuta yake na kisanduku kilicho chini ya kiti, akaamuru injini moja iongeze nguvu hadi ndege ikasogea ubavu. Roberts alilalamika kuwa maneno yake yameondolewa katika muktadha wake. Hakushtakiwa, na hadi leo hakuna ushahidi uliowekwa hadharani kuwa jambo hilo lilitokea.

Hofu kwamba ndege inaweza kudukuliwa hata hivyo haikuzuka hivi hivi. Kwa miaka mingi ndege ya abiria ilikuwa ulimwengu wa peke yake: nyaya zake hazikufika nje. Mwaka 1978 ukaanza kutumika mfumo wa ACARS, unaopeleka ujumbe mfupi kwa redio kati ya ndege na ofisi za shirika. Mwaka 1988 Airbus A320 ikaingia kazini, amri za rubani zikipitia kompyuta kabla ya kufika kwenye mabawa. Ilipokuja Boeing 787, ile ambayo Kenya Airways iliipata mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, mitandao ya ndani ya ndege ilikuwa imesogeleana kiasi kwamba Januari 2008 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa masharti maalumu. Boeing ilitakiwa kuthibitisha kwamba anayetumia mtandao wa abiria hawezi kuifikia mifumo inayoendesha ndege.

Watafiti wakaanza kujaribu. Mwaka 2013, mjini Amsterdam, Hugo Teso, aliyesomea pia urubani, alionyesha simu ya Android ikituma ujumbe wa ACARS kwa kompyuta ya safari na kuibadilishia njia. Vifaa alivyotumia alivinunua mtandaoni na ndege yake ilikuwa ya kuigiza kwenye kompyuta. FAA ilijibu kuwa mbinu hiyo haifanyi kazi kwenye vifaa vilivyoidhinishwa kuruka, na kwamba rubani anaweza wakati wowote kuzima mfumo wa kujiendesha na kushika usukani mwenyewe. Jibu hilo lilikuwa na uzito. Lakini Novemba 2017 ofisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani alieleza kuwa timu yake, mwaka mmoja kabla, iliingia kwa mawimbi ya redio katika mifumo ya Boeing 757 iliyoegeshwa uwanjani Atlantic City, bila kuigusa na bila msaada wa mtu aliye ndani. Ilikuwa ndege halisi, ingawa ilikuwa chini. Undani wa jaribio hilo ulifanywa siri, na Boeing ikasisitiza kuwa mifumo ya kuendeshea ndege haikudukuliwa.

Hadi leo, hakuna safari hata moja ya abiria iliyothibitishwa kutekwa kwa kompyuta. Anayeishia hapo, hata hivyo, amelinda mlango mmoja na kuusahau ule uliobaki wazi.

Mlango huo ni ishara ambazo ndege huzipokea kutoka nje na kuziamini, na historia yake ina uchungu. Septemba 1, 1983, ndege ya Korean Air Lines namba 007 ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovyeti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Siku chache baadaye Rais Ronald Reagan alitangaza kuwa mfumo wa setilaiti wa jeshi la Marekani, GPS, ukikamilika utakuwa wazi kwa ndege za kiraia za dunia nzima, ili zisipotee tena. Ulikamilika mwaka 1995 na umeokoa roho nyingi. Lakini ishara yake ya kiraia husafiri zaidi ya kilomita 20,000, hufika ikiwa dhaifu, na haina saini ya kuthibitisha imetoka wapi. Mwenye mtambo wenye nguvu zaidi anaweza kuifunika na kutuma ya uongo.

Septemba 2023 hilo likatokea waziwazi. Ndege za abiria zilizopita juu ya Iraki, karibu na mpaka wa Irani, zilianza kupokea GPS ya kughushi. Ramani zilionyesha ndege mahali ambapo haikuwepo, saa ziliruka, na vifaa vilivyodhaniwa kujitegemea vilipotoshwa pia kwa sababu vilikuwa vikijirekebisha kwa GPS. Baadhi ya marubani ilibidi wawaombe waongoza ndege wa ardhini wawape mwelekeo. Mwaka uliofuata, ndege zilizokuwa juu ya Mediterania ya mashariki zilijiona kwenye skrini kana kwamba ziko uwanja wa ndege wa Beirut. Hizi ni njia ambazo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupita wakitoka Dubai au Doha kwenda Ulaya.

Wala si GPS peke yake. Mfumo wa ADS-B, ambao ndege huutumia kutangaza ilipo, hauna uthibitisho wa utambulisho. Mwaka 2012, huko Las Vegas, watafiti Andrei Costin na Aurélien Francillon walionyesha jinsi vifaa vya bei nafuu vinavyoweza kuzua ndege hewa kwenye skrini.

Kuamini sauti moja kunaua hata pasipo mdukuzi. Machi 10, 2019, Ethiopian Airlines namba 302, ikielekea Nairobi, ilianguka dakika sita baada ya kuruka na kuua watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao. Programu ya Boeing 737 MAX ilisadiki kipimo cha kihisio kimoja kibovu na kuisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara.

Kinga ni kuwa na sauti ya pili. Aprili 2024 ndege mbili za Finnair zilishindwa kutua Tartu, Estonia, kwa kuvurugwa kwa GPS, zikarudi Helsinki. Shirika lilisitisha safari hizo hadi mwisho wa Mei, ili uwanja uandaliwe utaratibu wa kutua usiotegemea setilaiti. Mamlaka za anga za Afrika Mashariki zisingoje kurudishiwa ndege namna hiyo. Mitambo ya zamani ya redio iliyo viwanjani itunzwe, na marubani waendelee kufundishwa kuitumia.