Ndugu Laurent, Mpishi wa Paris

Wasikilizaji wangu, watu wengi hudhani ya kuwa sala ya ndani ni kazi ya wenye nafasi: padre kanisani, mtawa chumbani mwake, au mzee aliyekwisha kuacha kazi. Mwenye kupika, kufua, kulima au kuuza dukani hujiambia kwamba atamkumbuka Mungu kazi itakapokwisha. Na kwa kuwa kazi haishi, wakati huo haufiki. Katika mazungumzo haya nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa karne ya 17 ambaye hakuipata nafasi hiyo, wala hakuingojea.

Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa karibu na mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, karibu na mji wa Lunéville, katika nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Elimu yake ilikuwa ndogo. Alipokuwa na umri wa miaka 18, siku moja ya kipupwe aliutazama mti uliokwisha kupukutika majani yote, akawaza kwamba baada ya muda si mrefu majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Hapakuwa na muujiza wo wote katika jambo hilo. Watu wa nchi za baridi huliona kila mwaka. Lakini kijana yule alitoka hapo na wazo la uangalizi wa Mungu ambalo halikumwacha tena. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba hakuweza kujua kama upendo wake kwa Mungu umeongezeka tangu siku ile.

Walakini hakuwa mtawa mara moja. Vile vita viitwavyo Vita vya Miaka Thelathini, yaani tangu 1618 hata 1648, vilikuwa vikiiharibu Lorraine, naye akawa askari. Alikamatwa na majeshi ya Kijerumani, akashitakiwa kuwa mpelelezi, akatishwa kunyongwa, kisha akaachiliwa. Mwaka 1635 alijeruhiwa mguu huko Rambervillers, wakati Waswidi walipoushambulia mji huo, na kilema kile alikaa nacho maisha yake yote. Baada ya kuacha uaskari akawa mtumishi katika nyumba ya mtu mkubwa. Mwenyewe alisema kwamba alikuwa mtumishi mzito wa mikono, mwenye kuvunja kila kitu.

Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya Wakarmeli Peku, katika barabara ya Vaugirard, mjini Paris, akapewa jina la Ndugu Laurent wa Ufufuo. Alitazamia kwamba huko atateswa kwa ajili ya ule uzito wake, ayatoe maisha yake na raha zake yawe sadaka. Baadaye alikuwa akisema kwa mzaha kwamba Mungu amemdanganya, maana hakuona huko ila furaha.

Lazima tueleze kidogo hali ya nyumba ile. Wakarmeli Peku walianzishwa kwa matengenezo aliyoyafanya Teresa wa Ávila huko Hispania kuanzia mwaka 1562, na kanuni yao iliwapa saa mbili kila siku za kusali kimya moyoni. Mapadre walikusanyika kuimba zaburi kwa Kilatini. Ndugu Laurent hakuwa padre. Alikuwa ndugu wa kazi za mikono, na kazi aliyopewa ilikuwa jikoni. Kwa tabia yake aliichukia sana kazi ya jiko, lakini aliifanya kwa muda wa miaka 15. Mguu ulipozidi kumwuma alipewa kazi ya kushona makubazi ya watawa, ambayo huifanya mtu akiwa ameketi. Pengine alitumwa safari ya kununua divai, mara Auvergne, mara Burgundy. Hakujua biashara, na kwa sababu ya kilema chake hakuweza kutembea katika mashua ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Hata hivyo alisema kwamba alimwambia Mungu kuwa kazi hiyo ni yake Yeye, na mambo yakaenda vizuri.

Basi, njia yake ilikuwa ipi? Ni fupi hata mtu aweza kuidharau. Kabla ya kuanza kazi alimwomba Mungu amjalie kukaa mbele yake. Alipokuwa akifanya kazi alisema naye maneno machache, kama mtu asemavyo na rafiki aliye karibu. Kazi ilipokwisha alijihoji jinsi alivyoifanya: ikiwa vizuri, alishukuru, ikiwa vibaya, aliomba msamaha, akarudi kazini bila kujisumbua. Aligeuza kimanda katika kikaango kwa kumpenda Mungu. Alipokosa la kufanya, hata kuokota unyasi chini kulimtosha. Mwishowe, saa zilizowekwa za sala hazikuwa kwake tofauti na saa nyingine. Aliziingia kwa sababu mkubwa wake alimwamuru.

Jambo hili halikuwa geni kabisa. Wakaa-jangwani wa Misri wa karne ya 4 walisuka vikapu huku wakisali. Benedikto, katika kanuni aliyoiandika karne ya 6, alimwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Teresa naye alikwisha kuwafundisha masista wake kwamba Bwana hupatikana hata katikati ya vyungu. Lakini wale walikuwa waalimu na wakubwa wenye kuamuru; Laurent ndiye aliyeoshwa na moshi wa jiko lenyewe.

Tena tusidhani ya kuwa njia ile ilikuwa rahisi. Watu husoma habari zake wakafikiri kwamba alizaliwa na moyo mtulivu. Sivyo. Kwa miaka 4 aliamini kwa hakika kwamba atapotea milele, na hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kumtoa katika wazo hilo. Aliandika kwamba miaka 10 ya kwanza aliteseka sana, akianguka na kuinuka mara kwa mara. Hakupona kwa kubuni njia mpya. Aliazimu kwamba, apotee au aokoke, ataendelea kufanya yote kwa kumpenda Mungu; ndipo utulivu ukaja. Kwa hiyo adabu yake haikuwa katika kutosahau kamwe, bali katika kurudi upesi kila alipokumbuka kwamba amesahau.

Tunayajua haya kwa sababu mtu mmoja aliyasikiliza na kuyaandika. Tarehe 3 Agosti, 1666, padre msomi jina lake Joseph de Beaufort alikwenda kuzungumza na mpishi yule, akarudi mara nyingine, kisha akaandika aliyoyasikia. Hata Fénelon, aliyekuwa baadaye Askofu Mkuu wa Cambrai, alikwenda kumwona. Laurent alikufa tarehe 12 Februari, 1691. Beaufort alipiga chapa maneno na barua zake mwaka 1692 na 1694.

Hapo kitabu kile kidogo kilipatwa na mashaka. Wakati ule Ufaransa ilikuwa na ugomvi mkubwa juu ya sala ya kimya: wengine waliogopa kwamba itawafanya watu wadharau sakramenti na matendo mema. Mwaka 1699 Papa Innocent XII alikataza maneno 23 yaliyotolewa katika kitabu cha Fénelon, na maandiko yaliyofanana nacho yakatazamwa kwa shaka. Maneno ya Laurent yaliachwa kwa muda mrefu katika nchi yake mwenyewe. Waliomhifadhi walikuwa Waprotestanti. Pierre Poiret, aliyekaa Uholanzi, alikipiga chapa tena mwaka 1710. Na katika Uingereza John Wesley aliyatia maneno yake katika mkusanyo wa vitabu alioutoa baina ya 1749 na 1755 kwa ajili ya wahubiri wake na watu wa kawaida. Hivyo mtawa Mkatoliki alilindwa na watu ambao, kama angaliwakuta njiani zamani za vita, labda wangalikuwa adui zake.

Wakubwa wa Ufaransa walibishana juu ya sala, na vitabu vya ubishi wao leo husomwa na wataalamu wachache tu. Maneno ya mpishi bado yanasomwa na watu wa makanisa mbalimbali. Nadhani sababu yake ni hii, kwamba hayamtaki mtu abadili kazi yake kwanza. Laurent hakuliacha jiko asilolipenda ili apate kusali. Alianza na sufuria iliyokuwa motoni siku ile, na alipoisahau sala, alianza tena na sufuria iliyofuata.