Kuvu Yashindwa kwa Kuvu

Sisi tukaao Ujiji na Kigoma, kando ya ziwa, twajua ya kuwa mahindi na karanga visivyokauka vema huingia kuvu. Lakini sumu yake haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga za namna hiyo. Ndipo wataalamu wakaitambua sumu, nayo ikaitwa aflatoksini. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi, na 125 katika hao wakafa.

Basi dawa ilitoka wapi? Katika kuvu yenyewe. Ziko kuvu za jamii ile ile zisizotoa sumu. Hizo hupakwa juu ya punje za mtama zilizokwisha kuchomwa zisiote, na mkulima huzimwaga shambani, kilo 4 kwa eka, majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajachanua. Kuvu njema hutangulia kukaa, na ile mbaya ikija haipati nafasi. Dawa hiyo, Aflasafe, iliandikishwa Tanzania mwaka 2018.

Hata hivyo tusibweteke: mavuno yaanikwe juu ya jamvi, yakauke kabisa, ndipo yatiwe ghalani.