Chuo na Cheti: Mtihani katika Pwani ya Wabajuni

Mzee wa Kibajuni asemapo kwamba alisoma chuoni, msikilizaji wa bara huweza kudhani kuwa mzee huyo ana shahada. Sivyo. Chuo, kabla neno hilo halijachukuliwa na vyuo vikuu, ni pale mtoto alipoketi mkekani mbele ya mwalimu wake akajifunza Kurani. Hatuanzi hapa kwa mzaha. Kila matokeo yatangazwapo, wazazi hutuuliza cheti cha mtihani kina uzito gani mtoto anapoomba nafasi ya masomo ya juu. Swali hilo lilikwisha kujibiwa katika chuo cha kale, na jibu lake lilikuwa jingine kabisa.

Mwalimu wa chuo alimsikiliza mwanafunzi akisoma. Aliporidhika alimpandisha juzuu, na asiporidhika alimrudisha. Aliyetaka kuendelea na fikihi au nahau alisafiri kwa shekhe, labda Barawa, labda Lamu, ambako Habib Saleh aliasisi Riyadha. Kilichomfungulia mlango ni neno la mwalimu wake wa kwanza, pamoja na kisomo chake mwenyewe mbele ya shekhe mpya. Aliyepima alimjua anayepimwa, na akamweleza makosa yake kwa lugha ya nyumbani. Aibu ya mfumo huo twaijua pia: mtoto wa mtu mkubwa alisamehewa mengi.

Visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, vimepangana kama shanga kutoka Kismayu kuelekea kusini hadi mpakani. Mwaka 1924 Uingereza na Italia zilitia sahihi mkataba, na mwaka 1925 Jubaland, Kismayu ikiwamo, ikakabidhiwa Italia. Wabajuni wa Kiunga na Faza wakabaki Kenya. Jamaa zao wa Koyama wakawa raia wa dola nyingine. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Sisi walimu wa Kiswahili hupenda kuisimulia miaka hiyo kama harusi. Yafaa tukumbuke kwamba baadhi ya ndugu wa bibi harusi walikuwa wamefungiwa nje ya ua kabla ngoma haijapigwa.

Upande wa Somalia lugha za shule zilipokezana. Wakati wa udhamini wa Umoja wa Mataifa, baina ya 1950 na 1960, Kiitalia na Kiarabu ndivyo vilivyotawala darasani. Baada ya uhuru Kiingereza kikaingia katika madarasa ya juu. Kisha, tarehe 21 Oktoba 1972, ilitangazwa kwamba Kisomali kitaandikwa kwa hati za Kilatini. Mwaka 1974 wanafunzi walipelekwa maelfu kwa maelfu mashambani na malishoni kuwafundisha watu kusoma, na kabla miaka ya 1970 haijaisha Kisomali kikawa lugha ya sekondari. Hilo lilikuwa tendo kubwa, na sisi tulioshangilia lugha yetu kutukuzwa Tanzania hatuwezi kulionea kijicho. Ila mtoto wa Kibajuni wa Kismayu, kama mwenzake wa Barawa anayesema Chimiini, alipimwa hesabu na jiografia kwa lugha ya pili, na aliyesahihisha karatasi hakuwa na njia ya kujua kama aliyekosea hakujua jambo au hakujua neno.

Hapa pana kioja ambacho hatujaona kikizungumzwa vya kutosha. Chuo Kikuu cha Taifa kule Mogadishu kilifundisha vitivo vyake vingi kwa Kiitalia, na Kitivo cha Ualimu cha Lafoole kikafundisha kwa Kiingereza. Kijana aliyefaulu kwa Kisomali alipokewa kwanza, kisha akafundishwa Kiitalia kwa miezi kadhaa ndipo aanze masomo. Kwa hiyo hata Msomali halisi alikutana mlangoni mwa chuo na taabu ambayo Mbajuni aliizoea tangu darasa la kwanza. Hata hivyo chuo kilithibitisha jambo moja bila kukusudia: lugha yaweza kufundishwa baada ya mlango, si lazima iwe kufuli la mlango.

Vita vya 1991 viliwatupa Wabajuni wengi Kenya, wengine mjini Mombasa, wengine makambini. Mtu angedhani mtoto sasa amefika kwao, kwani tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Lakini mtoto asemaye *wachu* nyumbani alitakiwa kuandika *watu*, na kalamu nyekundu haiulizi historia. Sisi wenyewe tumepata kusahihisha insha za watoto kama hao: habari imepangika, methali zimekaa mahali pake, na ukurasa umejaa damu. Tulikata alama kama tulivyoagizwa. Makambini Dadaab na Kakuma shule zilifuata mtaala wa Kenya, na kwa kuwa alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne ndiyo kizingiti cha chuo kikuu, na nafasi za ufadhili ni chache kuliko waombaji, tofauti ya alama moja iliweza kuwa tofauti ya maisha mawili.

Je, mtihani uondolewe? Tanzania ilijaribu kuushusha cheo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu, bali afanye kazi kwanza na kuleta pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Nia ilikuwa njema, na inakaribia ile ya chuo cha mkekani. Lakini katibu wa tawi si mwalimu aliyemsikiliza mtoto kwa miaka saba, na sharti hilo lililegezwa baadaye. Mtoto wa mvuvi asiye na mjomba ofisini hulindwa na karatasi yenye nambari badala ya jina. Kwa sababu hiyo hatuko pamoja na wale watakao mtihani ufutwe.

Tunachodai ni kwamba cheti kiwe shahidi mmoja, kisiwe kadhi. Alama ya lugha isomwe peke yake, isiburure alama za masomo mengine. Ripoti ya mwalimu iambatane na karatasi. Na aliyekatiziwa masomo na vita apewe muhula wa matayarisho, kama Mogadishu ilivyowapa wanafunzi wake muhula wa Kiitalia.

Huko Somalia mtihani wa taifa wa sekondari ulirudi mwaka 2015, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mei 2019 karatasi zake zilivuja mitandaoni, mtihani ukafutwa katikati, mitandao ikafungwa kwa siku kadhaa, na vijana waliokuwa wamekwisha kuketi wakaambiwa wajiandae kuketi tena.