Mwalimu Aliye Mzazi: Siku ya Kwanza ya Shule Nchini Kenya, Januari 2003



Katika mfululizo wetu wa nchi jirani tumesoma habari za marais, katiba na mipaka. Leo nakuomba usimame nami penye lango la shule ya msingi. Siku ni Jumatatu, tarehe 6 Januari 2003, na nchi ni Kenya. Rais Mwai Kibaki aliapishwa wiki moja tu iliyopita, tarehe 30 Desemba 2002. Muungano wake wa NARC uliahidi wakati wa kampeni kwamba elimu ya msingi itatolewa bila malipo, na asubuhi hii ahadi hiyo inaanza kutekelezwa.

Nje ya lango wamejaa wazazi na watoto wao. Ndani yumo mwalimu wa darasa la kwanza, ameshika daftari la mahudhurio. Masimulizi mengi ya siku hiyo yanaeleza habari za serikali iliyotoa amri na wazazi walioipokea. Nataka tumtazame mtu aliyekuwa pande zote mbili za lango: mwalimu ambaye naye alikuwa na mtoto wa kuanza shule siku ileile.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Hii haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kufungua milango. Tarehe 12 Desemba 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo itaondolewa katika madarasa manne ya mwanzo. (Msomaji wa Tanzania, kumbuka kwamba Wakenya husema karo pale sisi tunaposema ada.) Shule zilifunguliwa mwezi uliofuata. Mwaka 1973 wanafunzi wa darasa la kwanza walikuwa takriban 380,000. Mwaka 1974 walikuwa takriban 960,000. Muda wa kuwaandaa walimu na madarasa haukuwapo. Shule zikaanza kuwatoza wazazi michango ya ujenzi, na watoto wengi waliokuwa wameingia kwa furaha wakarudi nyumbani. Mwaka 1988 ukaja mfumo wa kuchangia gharama, na mzigo ukazidi kumwelemea mzazi.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini umati wa mwaka 2003 ulikuwa mkubwa na wenye haraka. Wazazi walikumbuka kwamba mlango uliofunguliwa huweza kufungwa tena. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi mwaka 2002 hadi milioni 7.2 hivi mwaka 2003. Serikali ilitenga shilingi 1,020 za Kenya kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa ajili ya vitabu, vifaa na matumizi ya shule.

Walimu je? Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Tangu mwaka 1998 serikali ilikuwa imesimamisha ongezeko la ajira za walimu. Aliyeajiriwa alichukua nafasi ya aliyeondoka, basi. Mgomo wa walimu wa mwaka 1997, ulioongozwa na chama chao cha KNUT, uliishia kwenye makubaliano ya nyongeza kubwa ya mishahara, lakini sehemu kubwa ya nyongeza hiyo haikulipwa, na mwaka 2002 waligoma tena. Hivyo watoto milioni 1.3 waliongezeka mbele ya walimu walewale, waliokuwa bado wanadai malipo yao. Katika baadhi ya shule za mijini darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya 100. Wengine walikuwa na umri wa miaka sita, na wengine walikuwa vijana waliokosa karo miaka iliyopita.

Sasa mfikirie mwalimu mwenyewe. Shule za umma hufunguliwa siku moja nchini kote. Mtoto anayeanza darasa la kwanza anatakiwa kupelekwa na mzazi au mlezi wake. Mwalimu naye anatakiwa awe shuleni kabla ya kengele, kuwapokea watoto wa wenzake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini mwalimu huyu hana ruhusa ya kuachia hata moja.

Njia zake ni chache. Anaweza kumwomba nyanya wa mtoto ampeleke. (Nchini Kenya nyanya ni mama wa mzazi wako, nchini Tanzania tunamwita bibi, na nyanya tunaitia kwenye mchuzi.) Anaweza kumkabidhi mtoto kwa jirani. Anaweza pia kumwandikisha katika shule anayofundisha yeye mwenyewe, na njiani kumweleza kwamba, wakishaingia langoni, asimwite mama bali amwite mwalimu. Kwa mtoto wa miaka sita hilo si neno dogo.

Angalia pia jambo hili. Amri ya Januari 2003 ilimfikia mwalimu mara mbili. Kama mzazi, aliondolewa karo, japo sare ya mtoto ilibaki kuwa juu yake. Kama mtumishi wa umma, aliongezewa watoto bila kuongezewa msaidizi. Mkono mmoja ulipunguziwa mzigo, mkono wa pili ukaongezewa. Katika hesabu za bajeti karo iliyofutwa ilionekana. Saa ambazo mwalimu alitumia usiku kusahihisha madaftari 100, huku mtoto wake akisubiri kusaidiwa kusoma, hazikuandikwa popote.

Kenya haikuwa peke yake. Uganda ilianza mpango wake wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997. Mwanzoni serikali ililipia watoto wanne kwa kila familia, na kikomo hicho kikaondolewa baadaye. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka milioni 3.1 hivi hadi milioni 5.3 hivi katika mwaka mmoja. Kwetu Tanzania, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa haraka kuwa walimu. Wazee wetu bado wanawaita walimu wa UPE. Katika nchi zote tatu mtoto aliitwa kwanza, na mwalimu akatafutwa baadaye.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Sisemi kwamba milango ingebaki imefungwa. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2003 na kuendelea bila kukatiza walifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2010, na wengi wao wasingeufikia kama karo ingebaki. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa walimu. Ninachosema ni kwamba neno bure halimaanishi kuwa hakuna aliyelipa. Raia anayejua haki yake ya kumpeleka mtoto shule anapaswa pia kuuliza ni nani atakayempokea mtoto huyo, na huyo mpokeaji amemwacha wapi wa kwake.

Shule zitakapofunguliwa tena Januari, ukimpeleka mtoto na kumkuta mwalimu amechelewa dakika kumi, jasho likimtoka, kabla hujanung'unika mwulize kwa upole kama wa kwake amefika salama.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini watoto wengi walioingia shule nchini Kenya mwaka 1974 hawakuendelea?
2. Taja jambo moja ambalo amri ya mwaka 2003 ilimsaidia mwalimu kama mzazi, na moja ambalo ilimlemea kama mtumishi.
3. Andika aya moja: kama ungekuwa waziri wa elimu mwezi Desemba, ungetayarisha nini kabla ya kufungua lango?