Mchoraji wa Rangi za Maji katika Milima ya Alps

Wasikilizaji, wengi wetu tumepata kuona safarini mlima mrefu au maporomoko ya maji ya kutisha, kisha tulipofika nyumbani maneno yakatupungukia. Leo twasimulia habari za mtu aliyejua kuyahifadhi mambo ya namna hiyo: J. M. W. Turner, mwana wa kinyozi, aliyezaliwa London katika mwaka 1775.

Tangu 1793 Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na safari za Waingereza kwenda Alps zilikuwa ngumu. Mwezi wa Machi 1802 yalifanyika mapatano. Turner, aliyekuwa na umri wa miaka 27, hakukawia. Mwaka ule ule alivuka bahari, akapita Ufaransa, akafika Uswisi, akaiona njia ya St Gotthard, penye Daraja la Shetani, juu ya korongo lenye maji yapitayo kwa ngurumo.

Je, alifanyaje kazi yake? Alichukua vitabu vya kuchorea, kalamu ya risasi na rangi. Wingu la mlimani halimngoji mtu; kwa hiyo kwanza alichora upesi mistari ya majabali. Karatasi za kitabu kimoja zilikuwa zimekwisha kupakwa rangi ya kijivu. Palipotakiwa theluji au povu la maji, aliikwangua rangi ile mpaka weupe wa karatasi ukatokea. Maana katika rangi za maji, mwanga ni karatasi yenyewe. Mchoraji akiifunika yote, ameuzima mwanga.

Alirudi na michoro zaidi ya 400. Mwezi wa Mei 1803 vita vilianza tena, na Turner hakukanyaga bara la Ulaya mpaka 1817. Lakini milima alikuwa nayo vitabuni. Kutoka humo, katika mwaka 1804, alitengeneza kwa rangi za maji picha kubwa ya njia ile ya St Gotthard.

Kama angalisema, "Nitachora safari ijayo," angalingoja miaka 15. Alifariki mwaka 1851, na vitabu vyake vimehifadhiwa London hata leo. Basi, wanafunzi, mwendapo safari chukueni karatasi. Mlima utabaki mahali pake. Njia ya kuufikia yaweza kufungwa.